Wapiga picha wa ngoma, mnampataje mchezaji kabla hajatua?

#1 Jicho la Kaskazi

Wakuu, salaam.

Humu mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Leo naandika kwa sababu juzi nilikuwa napanga madiski yangu nikakutana na picha za kazi yangu ya kwanza ya ngoma, miaka tisa iliyopita. Nilicheka peke yangu, halafu nikaona aibu.

Mimi nimetokea kwenye harusi. Ukishapiga harusi miaka minne unajiona umemaliza: unajua keki itakatwa saa ngapi, unajua shangazi gani atalia. Basi kikundi kimoja kikanichukua niwapigie picha Bagamoyo, wakati wa lile tamasha la kila mwaka pale TaSUBa, ambako wengi bado wanaita Chuo cha Sanaa kama kilivyoanza mwaka 1981. Walikuwa wanacheza sindimba, ngoma ya Wamakonde. Nikaenda na kamera mbili na kifua mbele.

Nikarudi na picha 1,400. Usiku ule nikakaa na mpiga ngoma wao mkuu, mzee wa Kimakonde, nikawa namwonyesha kwenye kioo cha kamera. Alitazama kama hamsini hivi bila neno. Kisha akanirudishia kamera yangu.

"Mjukuu wangu, hawa uliowapiga wamekwisha kucheza."

Nilidhani ananitania. Nikaingia chumbani nikazirudia moja moja, na kweli: mguu umeshatua, njuga zimetulia, kiuno kimerudi katikati. Picha ni safi, fokasi iko machoni, rangi nzuri, na kila moja imechelewa kidogo tu, kama mtu anayecheka mzaha baada ya wenzake kunyamaza.

Hesabu yake nimekuja kuielewa baadaye. Mtu akiruka sentimita 20 tu kutoka chini, kilele anakifikia ndani ya sehemu mbili za kumi za sekunde, na zikitimia nne keshatua. Wewe nawe jicho lione, kichwa kiamue, kidole kibonyeze, kamera nayo ifungue shata, lile pazia la ndani linaloruhusu mwanga. Hapo robo ya sekunde imeshakwenda na mwenzako yuko njiani kurudi. Ukisubiri uone, umechelewa.

Asubuhi yake mzee akanichukua kule nyuma walikokuwa wanapasha ngoma moto. Wa pwani mnajua, unyevu wa bahari unailegeza ngozi, ngoma inatoa sauti ya ndoo. Wanawasha makuti makavu, wanazielekeza motoni, mtu anagonga na kusikiliza, anagonga na kusikiliza. Akanikalisha, mgongo nimewapa wachezaji waliokuwa wanajinyoosha, akasema nisigeuke. Kazi yangu ilikuwa moja: niseme "sasa" pale ninapodhani miguu yao itakanyaga.

Mara ya kwanza nilikosa zote. Baada ya nusu saa nilikuwa napata tatu katika kumi. Nilichogundua ni kwamba vile vinganga vidogo, vinavyochomekwa ardhini kwa mguu wake na kupigwa kwa fito, havibadiliki, vinashona tu muda wote. Anayesema ni mwenye ngoma kubwa. Anatoa neno, wachezaji wanajibu, na kati ya neno na jibu pana nafasi ndogo kama ya kumeza mate. Picha iko kwenye nafasi hiyo.

Siku ya pili nilipiga picha 310 na sikuona haya kuzionyesha. Naomba wazoefu mje, na wachezaji wenyewe kama mpo, tuambizane.

#2 Fundi Chenga

Mkuu uzi mzuri ila umejitesa. Siku hizi kamera inapiga picha 20 kwa sekunde. Shikilia kitufe, nenda nyumbani, chagua. Habari za kukaa motoni na mzee ni hadithi tamu lakini teknolojia imeshamaliza hilo tatizo.

#3 Jicho la Kaskazi

Fundi, hiyo njia nimeipita. Picha 20 kwa sekunde maana yake kati ya picha na picha kuna sehemu tano za mia za sekunde, na fimbo ya ngoma inashuka na kupanda humo humo. Utapata nyingi zilizo karibu na ile yenyewe. Halafu onyesho la saa moja na nusu linakuletea picha elfu nane, nani atazichagua? Nilikuwa nachagua hadi saa tisa usiku, na mwishowe zote unaona ni sawa.

Tena kelele. Kamera yenye kioo ndani ikianza kupiga mfululizo inasikika kama cherehani. Kwenye kiwanja hakuna anayejali, ila ukumbini msanii anaposimama kimya katikati ya jukwaa, watu wanageuka kukuangalia wewe. Ukiweka shata ya kimyakimya ya kielektroniki, taa za LED zinakuchorea mistari ya giza picha nzima.

#4 Fundi Chenga

Hapo kwenye mistari nakubali, imeshanitoa machozi. Kwa wageni: umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi za bei poa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukipiga kwa shata ya 1/500 ya sekunde unakuta ukanda wa giza umempita mchezaji shingoni. Ukishuka hadi 1/100 au 1/50 ukanda huo unapotea. Lakini taa za jukwaa za LED nyingine zinapepesa kwa mwendo wake zenyewe, hizo dawa yake ni kwenda mapema ujaribu kabla watu hawajaingia, na kutumia shata ya kawaida.

Jambo la pili ni zile taa nyekundu. Mafundi wa taa wakisikia "ngoma ya asili" wanamwaga nyekundu, sijui nani aliwaambia. Rangi nyekundu inajaa peke yake, pua, mashavu na jasho vinakuwa bandiko moja, kama mtu amepakwa tomato. Mimi napunguza mwanga hatua moja na nusu chini ya kamera inavyotaka, napiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, na zikinishinda nazigeuza nyeusi na nyeupe. Chenga, zile punje zinazojaa kwenye picha ukipandisha ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) hadi 6400, haziniogopeshi. Picha yenye chenga bado ina mtu ndani. Iliyoungua haina.

#5 Jicho la Kaskazi

Hapo umesema la maana. Niongeze tu: pazia la nyuma likiwa jeusi, usiiachie kamera ikuamulie mwanga. Inaona giza kubwa, inafungua zaidi, na ngozi zetu zenye jasho zinatoa weupe wa ajabu kwenye paji la uso. Pimia usoni, funga mipangilio, tulia.

#6 Njuga Mbili

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni mchezaji, mwaka wa 11 huu, na nimesoma kwa makini. Sasa niruhusuni niseme, maana mnatupiga picha lakini hamtuulizi.

Kwa nini kila mpiga picha anataka turuke?

Kila mara ni "dada, rudia ule mruko". Mabango yetu yote tuko hewani kama kuku waliotishwa. Ngoma zetu nyingi haziendi juu jamani, zinakwenda chini. Magoti yamekunjwa, uzito uko kwenye nyayo, mgongo umeinama, kazi yote inafanyika kiunoni na mabegani. Sindimba haiko angani. Hata pale anaporuka mtu, anaruka ili akanyage. Mruko ni pumzi tu, neno ni kishindo. Nyie mnapiga pumzi.

Na huyo mzee aliyekwambia "wamekwisha kucheza", nadhani ulimwelewa nusu. Kutua siyo kuchelewa. Ulichelewa kwa sababu ulipiga baada ya kutua. Kutua kwenyewe hukukuona.

#7 Fundi Chenga

Dah. Ngoja nikae hapa.

#8 Jicho la Kaskazi

Dada Njuga, nimesoma ulichoandika nikafunga simu, nikaenda kuzungusha mguu nje kidogo. Umenishika. Hata hesabu yangu pale juu ni ya kilele. Nilitafuta kilele kwa sababu pale mwili unasimama kidogo kabla ya kushuka, na 1/125 inatosha kumgandisha. Yaani nilichagua panapomfaa mwenye kamera.

Nikupe mfano unaokubaliana na wewe. Mwaka mmoja nilikuwa Chamwino, Dodoma, kwa Wagogo. Wanawake wanapiga muheme, ngoma ameibana mapajani, anapiga kwa viganja huku anacheza. Nimezoea ngoma kuwa huku na mchezaji kule. Hapa ni mtu mmoja. Sikupata pa kusimama kwa sababu kila nilipoelekeza lenzi nilikuwa nakata kitu: ukichukua uso unapoteza mikono, ukichukua mikono unapoteza miguu.

Saa kumi na moja jioni jua likawa nyuma yao na vumbi limeanza kupanda. Nikachoka, nikalala kifudifudi. Watoto wakacheka, mama mmoja akanirushia neno la Kigogo ambalo hadi leo hawajakubali kunitafsiria. Kutoka kule chini kwa mara ya kwanza nikaona vumbi linatoka wapi. Halitoki mguu unapoinuka. Linatoka chini ya kisigino, duara dogo, kama maji ukitupa jiwe, na linawahi kusambaa kabla goti halijamaliza kukunja. Nikashusha shata hadi 1/30. Viganja vikawa moshi juu ya ngozi, ngoma yenyewe imetulia palepale mapajani, na kisigino kimekaa katikati ya lile duara.

Ni picha moja kati ya mia nne. Uso wa mama hauonekani kabisa. Kila mhariri niliyempelekea aliniuliza "nyingine huna?"

#9 Njuga Mbili

Hiyo ndiyo ngoma. Wahariri tuwaachie sura zao.

#10 Kipyenga

Naingia kama kiongozi wa kikundi. Nina malalamiko mawili.

La kwanza ni pa kusimama. Mpiga ngoma na wachezaji wanatazamana. Kuna wakati mimi napuliza filimbi ya kubadilisha hatua, lakini mara nyingi ni jicho tu, mkuu wa ngoma anamtazama mchezaji wa mbele, bega likishuka hivi anajua. Anakuja mtu na mfuko wa lenzi mgongoni kama kobe, anasimama katikati ya hayo macho mawili. Mwaka jana tumepotea mbele ya wageni kwa sababu hiyo, mstari wa kushoto umebadilisha, wa kulia bado. Watazamaji wakadhani hatujafanya mazoezi. Mpiga picha alipata picha nzuri sana ya sisi kupotea.

La pili ni pesa na picha zenyewe. Mnapiga, mnaondoka. Baada ya miezi tunajiona kwenye kalenda ya hoteli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu mwaka 1999, na msanii anayeonyesha jukwaani anatambuliwa mle. Lakini sisi hata ile picha ya kuweka kwenye barua ya kuomba kazi tunaibandua mtandaoni ikiwa na jina la mtu mwingine limepigwa katikati.

#11 Jicho la Kaskazi

Kiongozi, la kwanza nimewahi kulifanya, na kikundi kilikuwa na subira, kikanisogeza kwa kunichezea. Mchezaji wa pembeni alikuja akicheza, akanizungusha kwa bega bila kukosa hatua, nikajikuta niko nyuma ya kamba. Watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Tangu siku hiyo nikifika napanga mstari kichwani kati ya ngoma kubwa na mchezaji wa mbele, na siukatizi. Nakaa ubavuni mwa wapiga ngoma, nyuma kidogo. Faida yake nyingine, ngoma naisikia kifuani.

La pili sina utetezi. Siku hizi kikundi kinapata nakala zote nilizochagua, bila alama katikati, na makubaliano tunaandika kabla sijafungua mfuko. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha: nani atauza, wapi, na mgao.

Na kuna jingine ambalo sijawahi kulisema hadharani. Kule kwa Wamakonde nilizunguka nyuma ya uzio nikamkuta mcheza lipiko, yule mvaa kinyago wa ngoma yao, amevua kinyago, amekishika kwapani, anakunywa maji. Mwanga ulikuwa unapenya kwenye fito, jasho, kinyago na uso wa mtu bega kwa bega. Nikapiga tatu haraka. Nilijua ni picha ya maisha yangu.

Sikuwa nimeshusha kamera, mzee mmoja akanishika mkono. Hakupandisha sauti. Akaniuliza, "Umempiga nani?" Nikasema huyu mchezaji. Akasema, "Hapa hakuna mchezaji. Kuna lipiko, na lipiko hana kwao." Akasimama pale hadi nikafuta zote tatu mbele yake. Wanaojua mila ile wanajua: aliyemo ndani ya kinyago hatajwi, hasa kwa wanawake na kwa watoto ambao hawajapita jandoni. Nami ningeenda kumbandika ukumbini, futi tatu kwa mbili.

Wakati ule niliumia. Niliisimulia kwa wenzangu kama mkasa wa wazee wagumu. Sasa hivi hata kumbukumbu yake nikiitazama najiona nimesimama nyuma ya uzio wa mtu.

#12 Mwana wa Shinyalu

Nawasalimu kutoka Kakamega. Huku kwetu ni isukuti, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, watu wanazibeba kwapani na wanatembea nazo. UNESCO waliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, na tangu hapo wenye kamera wameongezeka kuliko wenye ngoma, sitanii.

Swali langu ni kwa hawa wanaosema mpiga picha akae pahali pamoja. Isukuti haikai, inaenda na matanga, inaenda na harusi, inavuka barabara. Mimi hutembea kinyumenyume mbele yao na nimeanguka mtaroni mara mbili. Mabega ndiyo hunisumbua: chini ya 1/500 yanakuwa uji.

#13 Jicho la Kaskazi

Ndugu wa Shinyalu, pole na mtaro. Tafuta kijana wa kukushika mkanda nyuma akuongoze, ndiyo njia pekee ninayoijua. Na jaribu kuyaacha mabega yawe uji mara moja moja, shika kichwa tu kiwe kimetulia. Mabega ya isukuti yakiganda yanafanana na ya mtu anayesema "sijui".

#14 Fundi Chenga

Kulikuwa na mama mmoja Mmarekani, mpiga picha Barbara Morgan, alimpiga picha mcheza dansi Martha Graham miaka ya 1930 na 1940. Ile maarufu ya 1940, Graham ameinama, mguu mmoja umepanda, sketi imefunguka kama tao. Yule hakuhangaika na onyesho, alikuwa akiwarudisha wachezaji mahali pa utulivu na taa zake, warudie kipande anachotaka. Si tufanye hivyo? Hakuna mtaro, hakuna taa nyekundu, na kikundi kinalipwa kwa saa.

#15 Njuga Mbili

Tumeshafanyiwa. Studio, karatasi nyeupe nyuma, "dada cheza". Nikauliza ngoma iko wapi. Akaweka wimbo kwenye simu.

Nilicheza kwa sababu nililipwa. Picha ni nzuri, mama yangu kaiweka sebuleni. Lakini nikiitazama najua mguu wangu wa kulia ulikuwa unasubiri kitu ambacho hakikuja.

#16 Mgeni Mwembeyanga

Wakuu mimi nina simu tu na kamera ya mkopo wa kaka yangu yenye lenzi ya 50mm f/1.8. Kuna shindano la ngoma za shule mwezi ujao, nimeombwa na mwalimu. Nianzie wapi? Naogopa.

#17 Jicho la Kaskazi

Mdogo wangu, lenzi hiyo inatosha kabisa, mimi nilianza na mbovu zaidi. Fungua tundu la lenzi hadi f/2, au f/2.8 ukitaka wawili waonekane vizuri. Kama ni uwanjani mchana anza na 1/500, ukumbini uikubali 1/250 na ISO ipande inakotaka. Flashi iache kwenye mfuko, inawapofusha watoto na wanakosa hatua. Lenzi hiyo haivuti, kwa hiyo miguu yako ndiyo itavuta: omba ruhusa ya kukaa chini mbele kabisa, pembeni.

Lakini kabla ya yote hayo nenda kwenye mazoezi yao bila kamera. Mara mbili. Kaa karibu na mtoto anayepiga ngoma kubwa. Siku ya shindano wote watakuwa wamekodolea macho kwa majaji na nyuso zitakuwa za mbao, ila ngoma itakuwa ileile.

Na muulize mwalimu kama wazazi wameridhia. Usirushe sura za watoto mtandaoni kwa sababu tu zimetoka vizuri.

#18 Kipyenga

Mleta uzi, yule mzee wa Bagamoyo aliwahi kuona kazi zako za baadaye?

#19 Jicho la Kaskazi

Alizionaga. Mwaka juzi nilimfuata nyumbani kwake, nikampelekea chache nilizochapisha, kubwa, za karatasi. Macho yamepungua nguvu siku hizi, anashika picha anaizungusha kutafuta mwanga wa mlangoni. Za kuruka aliziweka upande bila maneno, sikushangaa. Akafika kwenye ile ya kisigino cha Chamwino, ambayo hata si ngoma ya kwao.

Akakaa nayo. Halafu mkono wake wa kulia ukaanza kugonga kwenye kiti, kwanza polepole, anatafuta, anakosa, anarudi. Mkewe akatoka jikoni kutazama kuna nini. Mzee akagonga mfululizo kama mara tano, akasita, akakipiga kiti pigo moja zito, na kidole akakiweka juu ya lile vumbi. "Hapa," akasema.

Nikamuuliza kama Kigogo anakijua. Akasema hakijui, na akaniuliza kama nimekuja na sukari.

#20 Fundi Chenga

Mkuu tuwekee basi hiyo picha tuione.

#21 Jicho la Kaskazi

Siyo yangu peke yangu. Nimeshampigia kiongozi wao wa kule Chamwino, amesema mama mwenyewe yuko shamba, atarudi Jumapili, tumuulize.